Kituo Kimoja Kati ya Ulaya na Mikumi

Jumatatu, 4 Machi 1968

Siku kubwa! Ndugu Lupakisyo, afisa wa reli kutoka Kilosa, amefika kijijini kwetu Mlunga na habari njema. Kuanzia keshokutwa kiberenge cha abiria kitafanya safari kati ya Mikumi na Kilosa. Asubuhi kwenda Kilosa, alasiri kurudi. Jumatatu, Jumatano na Jumamosi. Tangu reli ipite hapa kabla ya uhuru, kazi yetu imekuwa kuipungia mkono treni ya mizigo. Mbao zinapanda treni. Sukari inapanda. Ng'ombe wanapanda. Sisi tunatembea.

Kisha akatoa la pili. Kati ya Ulaya na Mikumi kitawekwa kituo kimoja tu. (Ulaya yetu ya hapa njiani, siyo ile ya Wazungu.) Ama Mlunga ama Chogwe. Mwezi huu kiberenge kitasimama pote pawili kwa majaribio. Yeye ataangalia abiria, ataangalia njia, halafu ataamua.

Chogwe! Ng'ambo ya kijito tu, upande wa Mikumi. Kijiji cha Beda. Beda niliyesoma naye misheni darasa moja, yeye wa kwanza, mimi sikumbuki wa ngapi. Beda ambaye mwanawe Gabrieli amemwoa binti yangu Ida, kwa hiyo hata kumchukia inanibidi nimchukie kwa heshima, maana ni mkwe.

Nilisimama mkutanoni. Nikawakumbusha watu kwamba reli ilipokuwa inajengwa, mimi ndiye niliyewachotea maji wajenzi. Nyapara mwenyewe alinywa kwenye kata yangu. Reli hii imeota kwa maji yangu! Ndugu Lupakisyo akasema ahsante Ndugu Donati, historia imesikika. Njiani kurudi nyumbani mke wangu Katarina akasema historia imesahau kutaja kwamba kazi yenyewe niliiacha baada ya juma moja, kwa kuogopa simba.

Mimi ni balozi wa nyumba kumi. Kituo kitakuwa Mlunga. Nimeapa.

Jumatano, 6 Machi 1968

Kiberenge kimekuja! Cha manjano. Kifupi, kama behewa lililozaliwa kabla ya wakati. Honi yake inalia kama mbuzi aliyekanyagwa. Watoto walikimbia, wakarudi, wakakimbia tena. Bibi mmoja alipiga magoti.

Nilivaa koti la harusi. Nilikuwa nimetayarisha hotuba. Kiberenge kilipokaribia nilipanda juu ya jiwe, nikaanza: Ndugu wananchi, wafanyakazi na wakulima, reli hii tunayoiona leo. Nikaeleza ilivyotoka Kilosa mjini ikapita mashambani, tembo walivyozikanyaga kazi za wajenzi, mataruma ya chuma yalivyopangwa chini ya reli mpaka Mikumi. Nilikuwa ndiyo kwanza nafika kwenye kata ya maji. Nikasikia mbuzi akilia. Nikageuka. Kiberenge kimeondoka.

Kimeondoka na mke wangu.

Katarina alirudi alasiri na chumvi, sabuni ya mche na furaha isiyo na adabu. Akasema yeye alipanda kuona viti tu. Akasema dereva anaitwa Mwinshehe, mtu wa Tindiga, mstaarabu kabisa, kofia safi, anamsalimu kila mzee shikamoo kabla hajamkatia tiketi. Akasema abiria wenzake wamemwambia Chogwe walipanda watu wengi, na Beda alikuwa anawapanga mstari.

Mstari! Beda anapanga mstari!

Jumamosi, 9 Machi 1968

Naandika hili huku masikio yananiwaka.

Mpango ulikuwa mzuri. Kiberenge kina milango miwili, mmoja kila upande. Nilikusanya ndugu na majirani. Wapande kwa mlango wa huku, washuke kwa mlango wa kule, wazunguke nyuma ya kichaka, wabadilishe nguo, wapande tena. Watu wachache, abiria wengi. Nani angejua?

Ndugu Lupakisyo alikuwa amesimama mlangoni. Baba yangu mdogo, Mzee Samweli, akapanda na kofia. Ndugu Lupakisyo akasema shikamoo mzee. Mzee Samweli akasema marahaba. Akarudi bila kofia. Shikamoo mzee. Marahaba. Akarudi na kanga ya Katarina kichwani. Ndugu Lupakisyo akainamisha kichwa kwa heshima na kusema shikamoo bibi. Mzee Samweli akaitikia marahaba kwa sauti ileile ya bunduki, akakohoa, akajikwaa, akakalia kuku wa watu.

Bado nilikuwa na tumaini. Nikamwona jirani yetu Sikuzani anapanda na mtoto mgongoni. Sikuzani hana mtoto mchanga. Nilikuwa nimemwambia abebe chochote, mradi abiria waonekane wawili. Ndugu Lupakisyo akasema mtoto ametulia kweli, hebu nimwone. Sikuzani akanitazama mimi. Mimi nikatazama mawingu.

Boga.

Ndugu Lupakisyo akalifunika tena kwa upole, kama mtu anayeogopa kuliamsha. Akasema mzuri sana, kafanana na baba. Kiberenge kizima kikacheka, mpaka Mwinshehe, ambaye alijaribu kugeuza uso. Watu walisikika wakicheka mpaka kiberenge kilipoiacha kona.

Sikutoka nyumbani mchana kutwa. Katarina alipika boga.

Jumapili, 10 Machi 1968

Kanisani. Beda kaketi mbele. Amejenga banda la makuti pale Chogwe, na benchi, na nguzo yenye kibao: CHOGWE. Herufi nzuri. Siku zote alikuwa na mwandiko mzuri, mtu yule, ndiyo sababu walimu walimpenda.

Baada ya ibada Ida alikuja kunisalimu. Shikamoo baba. Marahaba mwanangu. Anatembea taratibu, mkono kiunoni. Mwezi wake umekaribia. Akaniomba, kwa sauti ya chini, tusigombane na baba mkwe wake juu ya kituo. Akasema yeye hajali kiwe wapi, mradi kiberenge kije siku hiyo.

Mwaka juzi walimbeba kwa kitanda kutoka Chogwe kwenda hospitali ya Kilosa, katika mvua, vijana wakipokezana mabegani. Mtoto hakufika hai. Ida hajawahi kulizungumza. Leo alilizungumza bila kulitaja.

Nilirudi nyumbani moyo mzito. Nikamwambia Katarina kwamba ndiyo maana lazima kituo kiwe Mlunga, ili Ida aje akae kwetu, apandie hapa mlangoni. Katarina akasema Ida ana nyumba yake Chogwe. Akasema lililo la maana ni vijiji viwili kukaa pamoja na kuomba vituo viwili. Mimi nikasema wazo si baya.

Lakini nani atakayekwenda kumwomba Beda tukae pamoja? Mimi? Baada ya boga?

Jumatano, 13 Machi 1968

Ushindi!

Nilikumbuka jambo moja tangu enzi zangu za maji. Genge la reli, wale vibarua wanaotunza njia, likiona hatari huchomeka kitambaa chekundu katikati ya reli. Dereva akikiona, husimama. Hana ujanja. Nikajiuliza: itakuwaje njia ikionekana ina hatari Chogwe, siku baada ya siku? Afisa gani ataweka kituo penye hatari?

Nyumbani kitu chekundu ni kimoja tu: kitambaa cha meza cha Krismasi, alichokitarizi Katarina mwenyewe kwa uzi mweupe, maua pembeni na maneno KARIBU WAGENI katikati. Nikakikunja maneno yaingie ndani. Nikakifunga kwenye fimbo. Nikavuka kijito asubuhi, nikaipita Chogwe kwa nyuma, nikakichomeka kwenye kona karibu na kalavati linalopitisha maji chini ya reli, upande wa Mikumi. Fimbo nikaifunga kamba ndefu. Nikalala kichakani. Siafu wakanipata. Nikavumilia kwa ajili ya Mlunga.

Mbuzi akalia. Kiberenge kikasimama! Mwinshehe akashuka. Akatazama mbele, akatazama nyuma, akaita genge la reli. Kimya. Alipoinama kuchungulia chini ya kalavati nikavuta kamba. Kitambaa kikaingia kichakani kama nyoka. Mwinshehe akainuka, akaona hakuna kitu. Akavua kofia. Akafikicha macho. Nikamsikia anamtaja Mungu.

Hata hivyo hakuondoka. Alitembea na nyundo njia yote mpaka Chogwe, akigonga reli kipande baada ya kipande, ndipo akarudi kukichukua kiberenge. Walichelewa vibaya. Alasiri Ndugu Lupakisyo alipita Mlunga, akaniambia dereva ana wasiwasi na njia ya Chogwe. Nikatikisa kichwa kwa huzuni. Nikasema udongo wa kule haukuwa mzuri tangu zamani, hata maji yao nilikataa kuyachota.

Mara nyingine akili yangu inanitisha mwenyewe.

Jumatatu, 18 Machi 1968

Mvua. Katarina anakitafuta kitambaa chake cha meza, anasema Pasaka inakaribia. Nikasema labda panya. Akasema panya hawali kitambaa kizima na pindo zake. Nikasema panya wa siku hizi.

Leo sikufanya kitu. Nilitaka, lakini kijito kilijaa. Kiberenge kilipita kwa wakati wake, Chogwe wakapanda wengi, Beda akiwa na filimbi. Filimbi! Amejifanya mkuu wa kituo.

Jumatano, kijito kikipungua, namalizia kazi.

Alhamisi, 21 Machi 1968. Kilosa

Naandikia kwenye baraza ya hospitali. Nimeazima kalamu kwa mtu ambaye hanijui, na ni vizuri kwamba hanijui.

Jana asubuhi nilikichomeka kitambaa pale pale kwenye kona. Mvua ilikuwa inanyesha. Lakini sikukaa kichakani. Nilijua Ndugu Lupakisyo angekuwa Mlunga akisubiri kiberenge, nikataka anione nami nasubiri, mtulivu, mtu wa njia salama. Nikafikiri Mwinshehe atasimama, atakagua, atachelewa, nami nitakwenda kukivuta baadaye. Nikavuka kurudi, nikasimama kando ya afisa, nikazungumza habari za mahindi.

Kiberenge hakikuja.

Akaja Gabrieli, mkwe wangu, mbio, amelowa, miguu imejaa tope. Hakunisalimu, yeye ambaye hajawahi kukosa kunisalimu. Akasema Ida ameshikwa na uchungu tangu alfajiri, damu inatoka, wamemlaza kwenye benchi la Beda, kiberenge hakionekani, amekuja kuuliza kama afisa anajua kiko wapi. Ndugu Lupakisyo akasema hajui, pengine kuna kilichokizuia njiani.

Mimi nilijua.

Nilikimbia. Sikuwahi kukimbia hivyo tangu enzi za simba. Kijito kilinifika kifuani. Niliipita Chogwe bila kusimama, nikamwona Katarina yuko pale tayari, aliitwa nikiwa nimetoka, ameinama benchini, nikasikia sauti ya Ida, na hata sasa nisingependa kuiandika sauti ile. Beda akaniita. Sikugeuka.

Kiberenge kilikuwa kimesimama kwenye kona. Abiria wamejaa, vioo vimejaa mvuke. Mwinshehe amekaa kwenye ngazi, kofia imelowa. Nikamwambia huku nahema kwamba njia ni nzima, twende, kuna mgonjwa. Akaniuliza nimejuaje kwamba ni nzima. Nikasema nimetembea juu yake. Akasema na yeye ameitembea, ameigonga yote mpaka kwenye kalavati, hajaona kitu. Lakini akanyosha kidole.

Mvua ilikuwa imekikunjua kitambaa. Kimetanda kwenye fimbo yake, maua pembeni, herufi nyeupe zinaonekana tangu mbali. KARIBU WAGENI.

"Miaka yangu yote relini," akasema Mwinshehe, "sijaona bendera ya hatari iliyotariziwa."

Nikamwambia basi ni upuuzi wa watoto, akitupe tu, twende.

"Siwezi, mzee wangu. Kitambaa chekundu huondolewa na aliyekiweka. Ndiyo sheria yetu. Pengine yeye ameona nisichokiona. Nikikigusa mimi, halafu nikaanguka na watu hawa, nitamjibu nini Mungu? Nimemtuma mtu Mikumi alilete genge."

Mikumi! Kwenda na kurudi kwa miguu, katika mvua ile!

Nikasema, "Mwanangu, ni binti yangu."

Akanitazama. Si kwa hasira. Ningependa ingekuwa hasira. Akasema kwa sauti ndogo, ya adabu kabisa, "Basi, mzee, mwombe aliyekiweka aje upesi."

Abiria walikuwa wamefuta vioo, wanatazama. Mama mmoja wa Mikumi, Magreti, muuza samaki wakavu, alikuwa ametoa kichwa chote nje. Nilisimama pale. Aibu ni kitu cha ajabu: binti yako anavuja damu, na bado miguu inataka mtu mwingine aende badala yako.

Nikaenda. Nikaing'oa fimbo. Nikafungua fundo langu mwenyewe.

Mwinshehe akasema ahsante mzee, panda.

Magreti alikusanya kanga yake isiniguse. Tulipofika Chogwe, Beda na Gabrieli walimwinua Ida, wakamlaza sakafuni kati ya viti. Katarina akapanda. Akaniona. Akaona nilichoshika. Alikitazama, akanitazama mimi, akatazama njia tuliyotoka. Yote aliyasoma hapo hapo, bila kuuliza. Kisha akakichukua mkononi mwangu, akakikamua maji, akakikunja, akakiweka chini ya kichwa cha mtoto wetu.

Mlunga, Ndugu Lupakisyo alipanda. Nilimsikia Magreti akimweleza kwa kunong'ona, na mnong'ono wake ni wa muuza samaki. Beda alikuwa amekaa karibu yake. Alisikia kila neno. Mwinshehe aliipita Ulaya akipiga honi tu, na hakuna abiria wa Ulaya aliyelalamika.

Mtoto alizaliwa hapa hospitali muda mfupi baada ya kufika. Wa kike. Mzima. Ida amepoteza damu nyingi, hawaruhusu tumwone. Mkunga alitoka akasema mngechelewa kidogo tu, akaishia hapo, akarudi ndani.

Beda amekaa upande wa pili wa baraza hii. Tangu jana hajaniambia kitu. Asubuhi alinunua muhogo wa kuchoma, akaukata, akanisogezea nusu bila kunitazama. Sijaweza kuula. Uko hapa kando yangu, umepoa.

Jumamosi, 23 Machi 1968. Kilosa

Wameturuhusu kuingia. Ida ni mweupe midomo, lakini anatabasamu. Mtoto ameitwa Regina, jina la mama yake Gabrieli, marehemu. Ana ngumi kama za Beda. Nimelisamehe hilo.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na maneno. Nilisema moyoni nitapiga magoti kabla ya yeye kusema lolote.

Ida akanishika mkono. Akasema, "Ahsante, baba. Nilikuwa benchini nikakuona unapita mbio kwenye mvua. Nikajua tu kitakuja. Nikasema baba amekifuata."

Hawajamwambia.

Nilimtazama Katarina. Katarina alikuwa anamkunjia mtoto nguo, mikono yake imesimama. Gabrieli alitazama sakafu. Beda alitazama dirisha. Wote walikuwa wananisubiri mimi.

Nikasema, "Pumzika, mwanangu."

Sikumsahihisha. Nilitoka nje nikaenda nyuma ya jiko la hospitali, nikasimama na ukuta. Nimewahi kuaibika mbele ya watu mara nyingi, na nyingi nimeziandika hapa. Sikujua kwamba kushukuriwa kunaweza kuuma kuliko zote.

Jumatano, 27 Machi 1968

Nimerudi na kiberenge. Nilikaa kiti cha nyuma. Mwinshehe alinisalimu shikamoo kama anavyomsalimu kila mzee, na nilipata shida kuitikia.

Mkutano ulinisubiri. Ndugu Lupakisyo alisimama na kusema kituo kitakuwa Chogwe. Halafu Mzee Samweli, baba yangu mdogo, akauliza kwa heshima kama uamuzi ulifanywa kwa sababu ya boga.

Ndugu Lupakisyo akasema hapana. Akasema alikuwa amekwisha kuamua kituo kiwe Mlunga! Tangu siku ile ile ya boga! Akasema alirudi Kilosa akicheka, akawaza kwamba kijiji kinachohangaika hivyo kinakihitaji kituo kweli, na tena kwetu kuna uwanja tambarare. Jumatano ile ya mvua alikuja Mlunga kututangazia. Alikuwa anangoja kiberenge kifike, ili aseme mbele ya abiria.

Alikuwa na habari hiyo mdomoni. Amesimama kando yangu. Mimi nikimweleza habari za mahindi.

Akasema sasa hawezi. Akasema kijiji ambacho balozi wake anasimamisha chombo cha reli kwa kitambaa cha meza, yeye hawezi kukikabidhi kituo. Hakupaza sauti. Akasema shauri langu hatalipeleka polisi, kwa kuwa dereva amemwomba, na kwa kuwa nilikiondoa mwenyewe.

Nimevuliwa ubalozi. Wamemchagua Sikuzani. Kila mkono ulinyoshwa. Hata wa Katarina.

Hukumu: mvua zikipumzika nitachimba mfereji wa maji kando ya reli pale Chogwe, mpaka kwenye kalavati. Peke yangu.

Jumapili, 7 Aprili 1968

Nachimba. Kila kiberenge kikipita, abiria wananipungia. Baadhi kwa wema.

Watu wa Mlunga wanavuka kijito kwenda kupanda Chogwe. Wakinipita wanainua nguo juu ya matope na kutazama pembeni. Mama Yunis, ambaye miguu yake inamsumbua, alisimama jana kupumzika pale ninapochimba. Akasema mwanangu Donati, kituo kingekuwa kule nisingelipata taabu hii. Akasema bila ubaya. Kisha akaendelea na mkongojo wake. Nikatupa jembe, nikamshika mkono mpaka kituoni. Ndilo lililokuwa ndani ya uwezo wangu.

Ida amerudi. Leo baada ya ibada alikuja kwenye mfereji, mtoto mgongoni. Nikamwambia. Yote. Kitambaa, kamba, siafu, kona. Nilisema nikiwa ndani ya shimo, maana sikuweza kulisema nikiwa nimesimama sawa naye.

Ida alitazama mfereji. Akasema alikwisha kujua. Magreti alimwambia sokoni. Akasema alikuwa anangoja. Hakusema amenisamehe. Alimfungua mtoto mgongoni, akanikabidhi, akaenda kukaa kwenye benchi la Beda akanipa kisogo. Nikabaki na Regina mikononi yenye udongo. Nililia. Mtoto naye akalia. Beda akaja, akatusikiliza wote wawili, akasema, "Mkwe, umemshika vibaya." Akanionyesha namna.

Ndiyo maneno ya kwanza aliyoniambia tangu siku ile. Kuanzia leo mimi ni mtu mwingine. Ujanja basi. Naandika hapa ili Mungu aone: BASI.

Jumamosi, 20 Aprili 1968

Mfereji umekwisha. Hata Beda amekiri kwamba umenyooka.

Habari mpya! Wapimaji wa barabara wamepiga hema Ulaya. Barabara ya magari ya Kilosa na Mikumi itatengenezwa upya, ipitike masika na kiangazi. Wanasema itapita ama nyuma ya Mlunga ama nyuma ya Chogwe. Mkubwa wao, kijana mpole anayeitwa Rafaeli, anazunguka akiwauliza wenyeji habari za ardhi. Amekuja leo mpaka mlangoni kwangu. Shikamoo mzee. Marahaba. Akasema ameambiwa mimi nimekuwa nikichimba kule Chogwe kwa muda mrefu, kwa hiyo udongo wa pale naujua kuliko mtu yeyote.

Nilimwambia aje kesho, nitafakari.

Nimetafakari. Chogwe wana reli. Haifai kijiji kimoja kiwe na kila kitu. Huu ni wakati wa Ujamaa, na Ujamaa ni kugawana! Nitamwambia kwamba nyuma ya Chogwe, jembe langu liligonga makaburi ya kale. Mengi. Ya watu wazito, wasiopenda kelele za malori.

Wala huo si uongo. Hebu mtu anionyeshe ardhi ambayo hakuna aliyelala chini yake.